Kigoma Kusini mpaka Uvinza: naomba historia ya jimbo letu

Mwana wa Nguruka

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mzaliwa wa Nguruka, kwa sasa naishi Tabora mjini, nauza mchele na dagaa. Dukani kwangu kuna benchi la wazee na vijana wa nyumbani, na wiki hii wamebishana mpaka wateja wakaanza kukaa mbali. Mmoja anasema Uvinza ni jimbo jipya, limemegwa kutoka Kigoma Kusini. Mwingine anasema hakuna kilichomegwa, ni jina tu limebadilika. Nilipouliza nani alikuwa mbunge kabla ya Kafulila, vijana wakanitazama tu. Kwao jimbo lilizaliwa mwaka 2010.

Mimi sikubali jimbo kubwa namna ile liwe na historia ya miaka kumi na tano. Marehemu babu yangu alikuwa akisema "mimi nilipiga kura ya jembe", na sisi wajukuu tulidhani anazungumzia kilimo. Hakuna aliyemkalisha chini akamuuliza.

Naomba mwenye kujua anieleze: jimbo lilitoka wapi, limebadilika vipi, na kwa nini siasa zetu za kule zimekuwa za moto hivi. Wazee wa ukanda ule ndio nawahitaji zaidi. Ushabiki wa vyama tuuache pembeni kwenye uzi huu.

Mjukuu wa Ujiji

Kaka, nianze na la jina, hilo ni rahisi. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya na majimbo yaliyobadilishwa majina. Kigoma Kusini iko kwenye kundi la pili: ikawa Uvinza. Buyungu nayo ikawa Kakonko, na huko uliko wewe Tabora Kaskazini ikawa Uyui. Kwa hiyo aliyesema ni jina tu ameshinda ubishi, mnunulie soda.

Chanzo chake ni mwaka 2012. Wilaya ya zamani ya Kigoma ilikuwa na majimbo mawili ya vijijini, Kaskazini na Kusini. Mwaka 2012 mkoa ulipata wilaya mpya tatu, yaani Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Eneo la Kigoma Kusini likawa ndani ya Wilaya ya Uvinza, lakini jimbo likabaki na jina la wilaya mama. Wabunge wa kuanzia 2005: Manju Msambya wa CCM, akafuata David Kafulila wa NCCR-Mageuzi mwaka 2010, kisha Hasna Mwilima wa CCM mwaka 2015, na Nashon Bidyanguze wa CCM mwaka 2020.

Mambo ya jembe nawaachia wakubwa.

Mwalimu wa Ziwani

Wanangu, nawasalimu wote. Kijana wa Nguruka, umeuliza jambo lililo moyoni mwangu. Maisha yangu ya kazi nimeyamaliza katika shule za msingi za mwambao, na katika chaguzi za vyama vingi nilikuwa nikiteuliwa msimamizi wa kituo. Aliyoandika Mjukuu wa Ujiji ni sahihi, ila majina ya wabunge hayatoshi kukuonyesha jimbo lilivyo. Jimbo lile lina pande mbili zisizoonana: upande wa reli na upande wa ziwa. Anayetaka kuielewa historia yake aanzie hapo.

Upande wa reli ni kwenu: Malagarasi, Nguruka, Mtego wa Noti, Uvinza yenyewe na chumvi yake, Kazuramimba, Kandaga. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mtu wa Nguruka akitaka kwenda mkoani ana treni. Upande wa ziwa ni sisi: Ilagala ambako mto Malagarasi unaingia Tanganyika, Sunuka, Sigunga, Herembe, Igalula, Buhingu chini ya milima ya Mahale, hadi Kalya jirani na Katavi. Katikati ni pori na milima. Kuna watu Kalya wamezeeka hawajaitia Nguruka machoni, na Nguruka wapo ambao ziwa wanalisikia tu, lakini wote humchagua mbunge mmoja.

Sasa turudi nyuma. Wakati wa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, 1958 hadi 1959, jimbo letu halikuwepo. Tanganyika nzima iligawanywa sehemu kumi tu, na sisi tulimezwa ndani ya Jimbo la Magharibi, makao yake hapo hapo Tabora unapouza mchele. Mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu kwa mkupuo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na elimu ya kiwango kilichowekwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Mvuvi wa Sigunga angeipata wapi pauni 150? Mchemsha chumvi wa Uvinza je? Ndiyo maana TANU walikutana Tabora Januari 1958 wakabishana vikali, washiriki au wasusie, mpaka Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki. Mnaokaa Tabora mnapita karibu na historia hiyo kila siku.

Agosti 1960 viti vikawa 71, TANU ikachukua 70. Lakini wagombea 58 walipita bila kupingwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi haikushika karatasi ya kura hata mwaka huo. Katika Bunge lile mkoa wetu ulitoa mtu ambaye vijana hamumtaji, nami naumia: Mwami, yaani mtawala wa jadi, Theresa Ntare wa Heru, kule Kasulu. Mwanamke, Mwami wa Waha, na mmoja wa wanawake wachache sana waliokaa katika Bunge lile la mwanzo. Watoto wanakariri majina ya wachezaji wa Ulaya, huyu hawamjui.

Kura ya babu yako ni ya mwaka 1965. Nchi ilikuwa imeshakuwa ya chama kimoja, lakini karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU. Mkutano wa wilaya uliwapigia kura waombaji, majina yakaenda Halmashauri Kuu ya Taifa, yakarudi mawili. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Wote wawili walipanda jukwaa moja, mkutano mmoja, kwa zamu. Ilikuwa marufuku kuomba kura kwa kabila au dini, na kampeni ilikuwa ya Kiswahili. Baba yangu, aliyekuwa mvuvi, alisema kilichowashangaza wazee wa kwetu ni kuona bwana mkubwa anaulizwa maswali na mtu asiye na viatu, halafu anajibu kwa adabu kwa sababu mpinzani wake amekaa kiti cha pili anasikiliza. Babu yako aliposema kura ya jembe alikuwa anataja mtu wake. Na msidhani ilikuwa kura ya mapambo kwa kuwa chama ni kimoja. Mwaka ule mawaziri waliangushwa. Paul Bomani alishindwa kule Mwanza, na alikuwa Waziri wa Fedha.

Baada ya hapo kuna jambo lisilohesabiwa kuwa uchaguzi, nalo lilibadili jimbo kuliko uchaguzi wowote. Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972. Kabla yake watu wa kwetu walikaa kwa kutawanyika, hasa Watongwe waliokuwa na vitongoji vyao vya nyumba chache chache juu ya milima na kwenye mabonde. Operesheni ikawateremsha kwenye vijiji vya pamoja, wengi mwambaoni. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa, na milima ikafungwa moja kwa moja. Leo ukitazama orodha ya vituo vya kupigia kura vya mwambao unasoma ramani ya operesheni. Shule iliyojengwa kijiji cha ujamaa ndiyo kituo cha kura. Mimi nimesimamia kura katika darasa ambalo wazee wawili kwenye foleni walikumbuka kukata miti ya boma lake.

Mwaka 1995 vyama vingi vikaja, na hapa niwaonyeshe kitu kwa karibu. Kituo changu kilikuwa chumba cha darasa la tatu. Kituturi tulikitengeneza kwa kuegemeza madawati mawili na kutundika mkeka. Foleni ilianza alfajiri, wanawake wengi kuliko wanaume, kwa sababu wavuvi wa dagaa walikuwa kambini mialo ya mbali, na mtu aliyejiandikisha kijijini hawezi kupiga kura kambini. Jioni tukafunga mlango, tukawasha karabai, tukamwaga karatasi mezani mbele ya mawakala. Kila karatasi niliinyanyua, nikaitamka kwa sauti, nikaigeuzia kila wakala aione kwa macho yake. Wadudu walikuwa wanaanguka juu ya fomu kwa ajili ya taa, karani kazi yake ikawa kuwapangusa kwa upande wa kiganja ili wino usichafuke. Karatasi moja mpiga kura alitia vema kwa kila mgombea, na wakala mmoja akataka ihesabiwe kwa mtu wake. Tulibishana juu ya karatasi hiyo moja kwa muda mrefu kuliko zilizobaki zote. Iliharibika, nikaandika imeharibika, wakasaini.

Halafu sanduku likafungwa lakiri, tukasubiri boti. Ziwa likichafuka hakuna boti. Mawakala wa vyama vilivyotukanana mwezi mzima walilala sakafuni kulizunguka sanduku, wakagawana mkate na chai ya rangi. Redioni tulikuwa tunasikia matokeo ya majimbo ya mjini yanatangazwa, sisi sanduku letu bado liko darasani. Hiyo ndiyo hali ya mwambao katika kila uchaguzi niliosimamia: kura zetu ndizo za mwisho kufika. Na jumla ikitangazwa, minong'ono yote huelekezwa kwenye masanduku yaliyochelewa.

Siasa za moto mlizouliza zilianzia mjini. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulitenguliwa, na shauri la Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA likafika Mahakama ya Rufani, ambayo ilikubali, miongoni mwa mengine, kwamba Redio Tanzania ilikipendelea chama kimoja. Watu wa Kigoma walijifunza kwamba matokeo yanaweza kupingwa kwa hoja na yakaanguka. Mwaka 2005 Zitto Kabwe akachukua Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ikapata majimbo manne nchi nzima, yote manne ya mkoa wetu: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe, na Kigoma Kusini kwa Kafulila, aliyekuwa hajafika miaka thelathini.

Wengi humkumbuka kwa sakata la Tegeta Escrow la mwaka 2014, alipolishupalia Bungeni mpaka Mwanasheria Mkuu wa wakati huo akamwita tumbili, na mwisho wa mwaka Mwanasheria Mkuu huyo akajiuzulu. Kwetu mwambaoni watu walikaa kwenye redio kana kwamba wanasikiliza mpira. Nami nilifurahi, nasema wazi. Mbunge wa jimbo ambalo mwambao wake haukuwa na lami alikuwa anauliza habari za mabilioni yaliyokuwa Benki Kuu, na nchi nzima ikanyamaza kumsikiliza.

Lakini mwaka 2015 akashindwa kwa tofauti ndogo na Hasna Mwilima. Akaenda Mahakama Kuu Tabora akidai hesabu za fomu za vituoni hazilingani na jumla iliyotangazwa, na Mei 2016 shauri lake likatupwa. NCCR ikapoteza majimbo yote manne ya Kigoma mwaka ule. Wenzangu wanasema ni mgawanyiko wa upinzani. Mimi naona na jambo la pili. Mtu mmoja hawezi kulihudumia jimbo hili, awe wa chama chochote. Akikaa relini, ziwa linanuna, na akienda ziwani kura za reli zinampita. Nimeona wabunge wakija na kuondoka kwa kosa hilo hilo, na silihesabu kuwa kosa lao.

Ndiyo maana jina jipya halikunifurahisha. Nilitaka jimbo ligawanywe, mwambao upate mbunge wake. Badala yake tumepewa jina la mji wa upande wa reli.

Binti Uvinza

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote na nimejifunza, hasa habari za Mwami Theresa, nitawasimulia wanangu. Ila hapo mwisho siwezi kukuacha.

Sisi wa relini unatuona kama watu waliokula wakashiba. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yalipoizoa reli kule Kilosa na Gulwe, treni za Dar zilikatika kwa miezi, na hapa kwetu mfuko wa saruji ulifika kwa bei ambayo mtu anayejenga aliacha ukuta wake ukiwa magotini. Ndipo utajua kwamba anayetegemea njia moja hana njia. Hata barabara ya kwenda Tabora ilikuwa ya kulala njiani masika mpaka serikali ilipojenga daraja kubwa la Malagarasi kwa mkopo wa Korea Kusini. Nguruka wakulima na wafugaji wanagombania malisho na maji. Hayo nayo yanahitaji mbunge anayekaa, siyo anayepita.

Na kuhusu jina, Mwalimu, Uvinza haikuanza na reli. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inachemshwa na kusafirishwa na misafara kabla ya Mjerumani, na ilikuwa inavuka ziwa hilo hilo lenu. Bibi yangu alinionyesha vigae vya vyungu vya kuchemshia, viko ardhini karibu na chemchemi, ukichimba shimo la choo unavikuta. Chumvi ile ndiyo iliyokaushia samaki wa Sunuka na Sigunga. Kama kuna jina linaloziunganisha pande zote mbili, ni hili.

La kugawa jimbo nakuunga mkono. Ila ungesema tu ligawanywe kwa kuwa ni kubwa, bila kusema upande mmoja unapendelewa. Makao makuu ya halmashauri yako Lugufu, kwenye iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kongo. Lugufu nako kwa watu wengi wa relini ni nauli.

Mwana wa Nguruka

Mwalimu shikamoo, na asante sana. Nimeyasoma yote kwa sauti pale benchini, na mzee mmoja wa Kazuramimba aliposikia jembe na nyumba akacheka akasema yeye alikuwa wa nyumba. Kumbe tumekaa naye miaka yote hii!

Swali moja limebaki. Vijana wanasema Kafulila alifukuzwa na NCCR katikati ya kipindi lakini akaendelea kuwa mbunge. Imewezekanaje? Tunavyojua, ukifukuzwa chama ubunge umekwisha.

Wakili wa Mkoani

Nijibu hilo kwa kifupi. Kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge aliyechaguliwa kupitia chama akikoma kuwa mwanachama wa chama hicho anapoteza kiti. Desemba 2011 vikao vya NCCR-Mageuzi vilimvua uanachama. Lakini uamuzi wa chama unaweza kupingwa mahakamani, naye alifanya hivyo, akapata zuio. Zuio likiwepo, kufukuzwa kunasimama, na kiti hakiwezi kutangazwa wazi. Baadaye akapatana na chama chake, akamaliza kipindi, na mwaka 2015 akagombea tena kwa tiketi ile ile ya NCCR, safari hiyo chini ya mwavuli wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Njia hii wameitumia wabunge wengine waliogombana na vyama vyao, hakupewa yeye upendeleo. Baadaye sana, mwishoni mwa 2017, alihamia CCM, akateuliwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Songwe, kisha Mkuu wa Mkoa wa Simiyu.

Kuhusu kugawa jimbo, Ibara ya 75 inaipa Tume kazi ya kuchunguza mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi. Inaitaka izingatie idadi ya watu, upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia. Hoja ya Mwalimu ya ziwa na reli inaingia moja kwa moja kwenye hayo mawili ya mwisho. Maombi huanzia chini, yanapita kwenye vikao vya halmashauri na mkoa. Mkisubiri mbunge ayaandike peke yake mtasubiri sana, kwa sababu jimbo likigawanywa yeye ndiye anayepungukiwa.

Mwalimu wa Ziwani

Marahaba Binti Uvinza. Umenijibu vizuri. La chumvi nimelikubali bila kinyongo, maana mimi mwenyewe nimekula migebuka iliyokaushwa kwa chumvi ile tangu utotoni. La kupendelewa bado nalishikilia, na nitakueleza kwa nini, siyo kwa uchungu wa jina.

Toka Simbo kwenda kusini mpaka Kalya barabara inapita Ilagala, na Ilagala kuna mto Malagarasi wa kuvuka kwa kivuko. Kivuko kikiharibika, mwambao wote umefungwa kwa upande wa nchi kavu. Zamani tulikuwa na meli ya Liemba. Ilikuwa haiegeshi kwetu kwa kuwa hakuna gati, inasimama nje, mitumbwi inaifuata, watu wanapandishwa na magunia ya dagaa yanapandishwa huku mawimbi yanainua kila kitu. Mama mjamzito nilimwona akipandishwa hivyo, usiku, na mwanamume mmoja ameshika kila mkono wake. Liemba iliposimama kwa matengenezo tukabaki na boti za mbao. Wagombea wa vyama vyote wanatufikia kwa boti hizo hizo, mara moja, wakati wa kampeni, wanahutubia mwaloni na injini haijapoa. Nguruka mgombea anaweza kurudi hata mara tatu kwa kuwa iko njiani. Ndilo ninaloliita kupendelewa. Reli haina shibe, nakubali, ila inafikika.

Wakili, nashukuru kwa Ibara ya 75. Hiyo sentensi ya mawasiliano na jiografia nitaipeleka kama ilivyo kwenye mkutano wa kijiji ujao, na nitaomba iingie kwenye muhtasari. Ombi letu liseme mambo yanayopimika: siku ngapi sanduku la kura linachukua kutoka Kalya kufika kwenye majumuisho, wavuvi wangapi wako kambini siku ya kura, kivuko cha Ilagala kimesimama mara ngapi kwa mwaka. Watendaji wa vijiji wanaweza kuyahesabu haya bila bajeti ya mtu. Binti Uvinza, na nyinyi andikeni ya kwenu: masika, malisho, nauli ya Lugufu. Mezani yaende maombi mawili ya jimbo moja yanayokubaliana.

Kijana wa Nguruka, kwako nina kazi mbili. Ya kwanza, Majadiliano ya Bunge yamewekwa kwenye tovuti ya Bunge, yasome maswali ya wabunge wetu kwa mfululizo, kuanzia ya Msambya. Utaona kivuko, gati, minara ya simu na mipaka ya hifadhi vinavyoulizwa na kila mmoja wao, na utaona majibu waliyopewa. Hiyo itakufaa kuliko simulizi yangu. Ya pili, huyo mzee wa Kazuramimba aliyekuwa wa nyumba usimwache hivi hivi. Mkalishe na daftari. Muulize mkutano ulifanyika wapi, nani alisimama upande gani, waliuliza maswali gani, na yeye kwa nini hakulipenda jembe. Andika maneno yake kama anavyoyasema, halafu uyalete hapa tuyasome.

Mwana wa Nguruka

Nimekuelewa, Mwalimu. Keshokutwa Jumamosi anakuja kuchukua mchele wake. Nimeshanunua daftari.